Nani humruhusu mzazi? Kutoka siku kumi kitandani hadi saa 48

Katika mtaa wa Vickery Meadow mjini Dallas, Marekani, ambako Kiswahili husikika ngazini na kwenye vituo vya basi, mama aliyejifungua salama kwa kawaida hurejea nyumbani siku ya pili. Namna hospitali zilivyoifikia siku hiyo, na namna zinavyopima kama mama yuko tayari kuondoka, ni historia ya zaidi ya miaka 100 yenye vita, bima, sheria na swali moja lililochelewa sana kuulizwa.

Kiswahili kina neno moja kwa mtu anayetoka hospitali: ameruhusiwa. Neno hilo husemwa Dar es Salaam na Mombasa, nalo limesafiri na wasemaji wake hadi Texas. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba halimtaji aliyetoa ruhusa, wala halielezi ameitoa kwa kipimo gani. Mwenye kutoka naye hana kauli ndani yake. Yeye ni mtendwa tu. Kwa mama aliyejifungua, ambaye mara nyingi hakuingia hospitali kwa sababu ya ugonjwa, ukimya huo una uzito wake. Historia ya uzazi wa hospitali nchini Marekani yaweza kusimuliwa kama historia ya watu waliopokezana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo: daktari, kisha mhasibu, kisha mtunga sheria, na mwisho kabisa, kwa kusitasita, mama mwenyewe.

Siku kumi za kitanda

Mwaka 1900 ni wanawake wachache mno nchini Marekani, chini ya watano katika kila 100, waliojifungulia hospitalini. Wengine wote walijifungua nyumbani, mikononi mwa mkunga au daktari aliyeitwa, huku jirani na jamaa wakipika, wakifua na kuwaangalia watoto wakubwa. Hapakuwa na suala la kuruhusiwa kwa kuwa hapakuwa na pa kutoka. Kufikia mwaka 1940 uzazi wa nyumbani ulikuwa umeshuka hadi asilimia 44, na mwaka 1969 ulikuwa asilimia moja tu. Katika kizazi kimoja na nusu, jambo lililokuwa la ukoo likawa la taasisi.

Taasisi ilikuja na kanuni zake. Mzazi alilazwa siku kumi, wakati mwingine wiki mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo hakuruhusiwa hata kushusha miguu sakafuni. Madaktari walihofia damu, walihofia homa ya uzazi, na waliamini kwamba mama akisimama mapema mfuko wa uzazi ungeshuka. Mtoto alikaa katika chumba cha peke yake na kuletwa kunyonya kwa saa zilizopangwa. Katika mpango huo hakuna aliyempima mama kama yuko tayari. Kalenda ndiyo iliyokuwa kipimo.

Kilichoivunja kalenda hiyo hakikuwa utafiti. Vita Kuu ya Pili viliwachukua wauguzi na madaktari, vitanda vikawa haba, na mara baada ya vita idadi ya watoto waliozaliwa ikapanda kwa namna ambayo hospitali hazikuwa zimeitarajia. Akina mama wakaanza kusimamishwa mapema, wakaanza kurudishwa nyumbani mapema, na madaktari wakagundua kwa mshangao kwamba waliosimama mapema walipona vizuri, tena hatari ya damu kuganda miguuni ilipungua. Kitanda kilichodhaniwa kuwa dawa kilikuwa sehemu ya maradhi.

Jambo hilo ni vyema likumbukwe na wanaodhani kwamba kukaa hospitali kwa muda mrefu ndiko usalama. Siku kumi za zamani hazikuwa paradiso ya mzazi.

Funzo la Bradford

Mwaka 1959 daktari wa uzazi G. W. Theobald alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza taarifa juu ya jaribio lililofanywa katika mji wa viwanda wa Bradford. Vitanda vya wazazi havikutosha, basi akina mama waliojifungua bila matatizo walirudishwa nyumbani siku ya pili. Jaribio hilo lilifanikiwa, na jina la Bradford likaenea. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, Louis Hellman na wenzake wa Brooklyn, New York, waliandika juu ya uzoefu wao wa kuwaruhusu mapema wazazi katika hospitali ya umma iliyofurika wagonjwa.

Hellman anaigusa Dallas kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu mashuhuri cha ukunga, Williams Obstetrics, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na mwenzake katika toleo la mwaka 1971 alikuwa Jack Pritchard wa Dallas. Tangu hapo uhariri wa kitabu hicho ukahamia kwa madaktari wa hospitali ya Parkland, hospitali ya umma ya Dallas, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa hospitali zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nchini humo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya yale ambayo wanafunzi wa udaktari duniani walisoma juu ya siku za baada ya uzazi iliandikwa katika jiji hilo hilo wanakokaa wakimbizi wa leo.

Lakini Bradford ilikuwa na kitu ambacho wengi waliouiga mpango huo hawakukichukua. Mama aliporudi nyumbani siku ya pili, mkunga alimfuata. Alikwenda na mkoba wake, akakagua damu, akatazama matiti, akampima mtoto, akaona kama jiko linawaka. Kuruhusiwa mapema kulikuwa nusu ya mpango; nusu ya pili ilikuwa inatembea kwa miguu mitaani. Marekani, isiyo na jeshi kubwa la wakunga wa majumbani, iliipenda nusu ya kwanza.

Mhasibu anaingia wodini

Mwaka 1983 serikali ya Marekani ilibadili namna ya kuzilipa hospitali kwa ajili ya wazee. Badala ya kulipa kwa kila siku ya kitanda, ililipa kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa. Kampuni za bima zikafuata mkondo kwa njia zao. Tangu hapo kila siku ya ziada ya mgonjwa kitandani ikawa hasara ya mtu fulani, na wodi ya wazazi, yenye watu wengi wasio wagonjwa, ikawa mahali rahisi pa kubana matumizi.

Takwimu za kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, zinaonyesha mteremko huo waziwazi. Mwaka 1970 mama wa Marekani alikaa hospitali kwa wastani wa siku 4.1 baada ya kujifungua. Mwaka 1992 wastani ulikuwa siku 2.6. Kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida ulishuka kutoka siku 3.9 hadi 2.1, kwa waliopasuliwa, kutoka 7.8 hadi 4.0. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya 1990, baadhi ya bima zikaanza kulipia saa 24 tu, na magazeti yakaubatiza mtindo huo jina la kejeli, likiufananisha na mikahawa ambayo mteja hununua chakula bila kushuka garini.

Tatizo ni kwamba mwili haukuusoma mkataba wa bima. Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya tano. Kabla ya hapo mtoto hupata dang'a tu, na mama wa uzao wa kwanza hawezi kujua kama kunyonyesha kumefaulu. Manjano ya mtoto mchanga hufikia kilele siku ya tatu hadi ya tano, yaani baada ya mama kuondoka. Shinikizo la damu la mzazi laweza kupanda siku kadhaa baada ya kujifungua, na kifafa cha mimba, licha ya jina lake, huweza kumkuta mwanamke ambaye mimba haipo tena. Katika miaka hiyo madaktari wa watoto waliripoti kuonekana tena kwa madhara ya ubongo yatokanayo na manjano makali, maradhi ambayo walidhani yamebaki vitabuni.

Hasira za umma zilikuwa kubwa, na kwa mara moja zilivuka mipaka ya vyama. Maryland na New Jersey zilitunga sheria mwaka 1995. Mwaka uliofuata, baada ya wazazi waliofiwa na watoto kutoa ushahidi hadharani, Maseneta Bill Bradley wa Democratic na Nancy Kassebaum wa Republican walisukuma sheria ya nchi nzima, na tarehe 26 Septemba 1996 Rais Bill Clinton aliitia saini. Kuanzia mwaka 1998 bima inayolipia uzazi haikuweza tena kulipia chini ya saa 48 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, au saa 96 kwa aliyepasuliwa, wala kumpa mama au daktari zawadi ili saa zipunguzwe. Mama angeweza kuondoka mapema, lakini kwa uamuzi wa daktari baada ya kushauriana naye.

Hapo, katika maneno ya sheria ya nchi nzima, mama alitajwa kuwa ni mtu wa kushauriwa.

Kupima utayari

Hata hivyo saa 48 ni kalenda nyingine, fupi zaidi. Sheria ilimzuia mhasibu asiharakishe. Haikusema ni vipi ijulikane kwamba mwanamke huyu, na mtoto huyu, na nyumba ile, viko tayari.

Orodha ya mambo ya mwili ilikuwa tayari inajulikana, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeihuisha mara kadhaa, yakiwemo matoleo ya mwaka 2010 na 2015. Mtoto awe na joto, mapigo ya moyo na pumzi vilivyotulia kwa saa 12 au zaidi; awe amenyonya vizuri angalau mara mbili; awe amekojoa na kupata choo; awe amepimwa manjano. Mama apimwe shinikizo na joto, mfuko wa uzazi uwe umekaza, damu ya nifasi iwe ya kiasi, aweze kutembea na kukojoa. Kiti cha mtoto cha gari kiwepo. Tarehe ya kuonana na daktari iwe imeandikwa. Madaktari wanatakiwa pia kuuliza juu ya makazi, ulevi, ukatili wa nyumbani, na kama mama ana mtu wa kumsaidia.

Mwaka 2006 muuguzi na mtafiti Marianne Weiss wa Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, alichapisha pamoja na mwenzake kipimo cha namna nyingine. Kilikuwa na maswali yanayoulizwa kwa anayeondoka mwenyewe, kila jibu likipewa alama kati ya sifuri na kumi: hali yako ikoje, unajua nini juu ya kujitunza, utaweza kuhimili mambo kiasi gani, na unatarajia msaada kiasi gani ukifika nyumbani. Kipimo hicho kilikuwa na toleo la mama aliyejifungua. Weiss na wenzake walichogundua katika miaka iliyofuata hakikuwafurahisha wachapishaji wa vijitabu vya hospitali: kilichomfanya mama ajisikie tayari kilikuwa zaidi namna muuguzi alivyofundisha, subira yake na uwezo wake wa kusikiliza, kuliko wingi wa mambo aliyoyataja.

Mwaka 2007 utafiti mwingine, uliowahusisha akina mama 4,300 na watoto wao wenye afya, uliuliza pande tatu kwa wakati mmoja: mama, daktari wa uzazi na daktari wa mtoto. Katika asilimia 17 ya jozi hizo za mama na mtoto, angalau mmoja kati ya watatu alisema bado. Hatari ya kutokuwa tayari ilikuwa kubwa zaidi kwa mzazi wa mara ya kwanza, kwa mwenye maradhi ya kudumu, kwa mwanamke mweusi, kwa aliyekosa huduma ya kutosha wakati wa ujauzito, na kwa aliyepata mafunzo machache wodini.

Msikilizaji anayeifahamu Vickery Meadow atakuwa amekwisha kumtambua jirani yake katika orodha hiyo.

Nyumba zilizojengwa kwa wasio na watoto

Vickery Meadow iko kaskazini-mashariki mwa Dallas, ikiwa imejaa nyumba za kupanga za ghorofa mbili tatu zilizobanana. Sehemu kubwa ya nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya vijana waliokuwa wakifanya kazi na kuishi peke yao, na nyingi hazikuwapokea wapangaji wenye watoto. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya makazi na kupiga marufuku kuwabagua wenye watoto. Milango ikafunguka, kodi ilikuwa ya chini, na mashirika ya wakimbizi yakapata mahali pa kuwapangia wageni wao.

Wabantu wa Somalia walifika Dallas katikati ya miaka ya 2000, wengi wakitoka kambi za Kenya. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi Tanzania kwa zaidi ya miaka 30 walianza kupokelewa Marekani mwaka 2007. Kisha wakaja Wakongo, ambao katika mwaka wa fedha wa 2016 walikuwa zaidi ya 16,000 nchi nzima, kundi kubwa kuliko wakimbizi wa taifa jingine lolote mwaka huo. Karibu nao wanaishi watu wa Myanmar, Nepal, Iraq na Amerika ya Kati. Mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wanaendelea kuzaa na kulea.

Hospitali ya Texas Health Presbyterian, iliyofunguliwa mwaka 1966, iko jirani kabisa na mtaa huo. Wapo wanaojifungulia hapo, na wapo wanaosafiri hadi Parkland, ambayo ina kituo chake cha afya ndani ya Vickery Meadow. Kote huko muuguzi humfikia mama siku ya pili na fomu yake. Humpima, humkagua mtoto, kisha huuliza maswali: umeelewa dalili za hatari? Una mtu nyumbani? Unajisikia uko tayari?

Jibu ambalo wengi hutoa ni ndiyo. Na hapo ndipo kipimo kizima, pamoja na karne nzima iliyokizaa, huning'inia juu ya silabi mbili. Mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba mganga au muuguzi ni mkubwa wake hasemi hapana mbele ya koti jeupe. Kuitikia kwake ni adabu kabla ya kuwa taarifa. Tena huenda ameulizwa kwa lugha ambayo anaisikia kwa mwezi wa nne tu.

Sheria haikulisahau jambo la lugha. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya taifa katika huduma zinazopata fedha za serikali kuu. Agosti 2000 Rais Clinton alitoa amri iliyozitaka taasisi hizo ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri; amri hiyo ilifutwa Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi. Sheria ya afya ya mwaka 2010, hata hivyo, bado inazitaka hospitali kutoa mkalimani bila malipo, na kanuni zake zimekataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Katazo hilo si la kupita tu. Katika familia za wahamiaji mtoto wa miaka 12 ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote, na kumtaka amweleze mama yake juu ya damu na mishono ni kumwonea mtoto na kumnyamazisha mama kwa pamoja.

Na mkalimani wa simu naye ana mipaka yake. Kiswahili cha Uvira si cha Unguja. Mkalimani aliyezoea lugha ya vitabuni na mzazi aliyezoea lugha ya Kivu wanaweza kupishana palepale panapohitaji uhakika, kama vile kiasi cha damu kinachopaswa kumtia mtu hofu.

Mtaa huu umewahi kuonja gharama ya jibu lisilofika panapohusika. Septemba 2014 Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia aliyekuja kuwatembelea jamaa zake Vickery Meadow, alikwenda hospitali ya Presbyterian akiwa na homa, akasema ametoka Afrika, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Siku chache baadaye alirudishwa kwa gari la wagonjwa, kisha ikagundulika kuwa kaingia na Ebola. Tarehe 8 Oktoba alifariki dunia, na wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, wakapona. Hakuwa mzazi wala hakulazwa siku ile ya kwanza. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, jibu lilikuwa limetolewa, na ruhusa ilitolewa kana kwamba hakuna lililosemwa.

Kasangati hadi Dallas

Miongoni mwa karatasi ambazo mzazi wa Dallas huweza kupewa, wodini au katika ziara za baadaye, kuna moja yenye maswali kumi juu ya moyo wake: kama bado anacheka, kama analala, kama amejilaumu bila sababu. Inaitwa kwa jina la Edinburgh, na ilichapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jenni Holden na Ruth Sagovsky wa Uskochi.

Wachache wanajua kwamba sehemu ya mizizi yake iko Afrika Mashariki. Cox, daktari wa maradhi ya akili, alifanya kazi Uganda katika miaka ya 1970 na kuwachunguza akina mama wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Huko alikutana na neno la Kiganda amakiro, maradhi ya mzazi ambayo watu waliyahusisha na uzinzi wakati wa mimba, na ambayo yaliogopwa kwa kuwa mama aweza kumdhuru mtoto wake. Baadaye aliwalinganisha wanawake wa Uganda na wa Uskochi, akaona kwamba huzuni ya baada ya kuzaa haikuwa anasa ya Wazungu kama baadhi ya wataalamu walivyodhani. Iliwakuta wote, ingawa waliisimulia kwa maneno tofauti.

Kwa hiyo mama kutoka ukanda wa maziwa makuu akipewa karatasi hiyo Texas, anapewa kitu ambacho wanawake wa kwao walichangia kukiumba. Swali moja ndani yake limejengwa juu ya nahau ya Kiingereza ambayo wafasiri wa lugha nyingi wameshindana nayo. Kiswahili kina bahati: kina neno kuelemewa, na halihitaji maelezo.

Arobaini na wiki sita

Katika pwani ya Waswahili mzazi hutoka ndani siku ya arobaini. Kabla ya hapo hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wenye pilipili manga, hafagii wala hapiki, na mama yake au shangazi huhamia kwake au yeye hurudi kwao. Si kila alichofanyiwa kilikuwa na manufaa, na wakunga wa hospitali wamekuwa na maneno yao juu ya maji ya moto kupita kiasi. Lakini mtu wa kumtazama alikuwepo usiku na mchana.

Utabibu wa kisasa nao una arobaini yake. Wiki sita, yaani siku 42, ndizo mpaka ambao Shirika la Afya Duniani hutumia katika kuhesabu vifo vya uzazi, na kwa miaka mingi mama wa Marekani alipewa miadi moja tu, wiki sita baada ya kujifungua. Siku karibu ni zilezile. Tofauti ni kwamba katika upande mmoja ni siku za kuangaliwa, na katika upande wa pili zilikuwa siku za kusubiri. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilibadili ushauri wake na kutaka mama awasiliane na mhudumu ndani ya wiki tatu za kwanza, na mapema zaidi kama ana shinikizo la damu.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Afrika Mashariki imelitatua suala la kuruhusiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau saa 24 kituoni, na utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha nchi 92 ulikuta wastani wa kukaa baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida ukianzia nusu siku nchini Misri hadi zaidi ya siku sita nchini Ukraine. Kuna pia kinyume chake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilikiukwa walipozuiwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa ada. Huku mama alisukumwa nje kabla ya wakati ili gharama ipungue, kule akafungiwa ndani baada ya wakati mpaka gharama ilipwe. Katika hali zote mbili mwili wake haukuwa ndio uliosomwa. Kilichosomwa ni hesabu.

Machi 2022 shirika hilo lilichapisha mapendekezo mapya juu ya huduma baada ya kujifungua, na safari hii likataja yanayopaswa kupimwa kabla mama hajaondoka: afya ya mwili wake na ya mtoto, hali ya moyo wake, ustadi na kujiamini kwake katika kujitunza na kumtunza mtoto, na mazingira ya nyumbani anakokwenda.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi Vickery Meadow. CDC iliripoti mwaka 2022 kwamba kati ya vifo vilivyotokana na uzazi nchini Marekani kati ya mwaka 2017 na 2019, asilimia 53 vilitokea kuanzia siku ya saba hadi mwaka mmoja baada ya mimba kwisha, na kwamba zaidi ya vinne katika kila vitano vingeweza kuzuiwa. Ni vifo vya baada ya kuruhusiwa. Texas ilikuwa ikimkatia mama maskini bima ya serikali siku 60 baada ya kujifungua; kuanzia tarehe 1 Machi 2024, baada ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023, bima hiyo hudumu miezi 12. Kwa anayestahili, sasa kuna daktari wa kumrudia. Kinachobaki ni kujua wakati gani wa kurudi, kwa lugha gani ya kupiga simu, na nani wa kubaki na watoto wengine.

Fomu huuliza nani atakuwa nyumbani. Katika kambi ya Nyarugusu swali hilo lisingehitaji mstari: angekuwepo mama mkwe, wifi, jirani wa upande huu na wa upande ule. Dallas jibu mara nyingi ni mume, na mume ana zamu ya usiku. Muuguzi huandika jina hilo moja, humwonyesha mama kwa vidole rangi ya macho ya mtoto inayopaswa kumtia wasiwasi, humwomba aeleze tena kwa maneno yake mwenyewe kupitia simu ya mkalimani, kisha huteremka naye kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, akakague mikanda ya kiti cha mtoto ndani ya gari ambalo, mara nyingi, ni la kuazima.